Julai Hii Tunakula kwa Jina la Nani?

Popote ulipo jioni hii, uwe jikoni unasonga ugali, uwe kwenye matatu iliyokwama Outer Ring, uwe dukani ukingoja mteja wa mwisho kabla ya kufunga, karibu tuzungumze. Mimi ni mkazi wa Donholm, huku mashariki mwa Nairobi, na huu ni mwanzo wa Julai. Kwa hiyo ukisikia sauti yangu ni nzito kidogo, jua ni baridi tu.

Huko Ulaya na Marekani saa hizi ni majira ya joto. Watu wako ufukweni, watoto wamefunga shule, jua halitui hadi usiku. Huku kwetu Julai ni mwezi wa mawingu. Mtu anatoka nyumbani Phase 8, hapa Donholm, saa kumi na moja alfajiri amejifunga shuka ndani ya koti, na jua, likikubali kutoka, linatoka saa nane mchana. Mwezi huu ndio mwezi wa wenye majiko. Muuza mahindi choma, muuza supu, mama wa mandazi na chai ya tangawizi, wote hawa Julai ndiyo yao.

Leo nataka tuzungumzie tarehe. Tarehe na chakula. Tarehe, chakula na majina ya watu.

Labda umeona mambo haya kwenye simu yako. Unaamka asubuhi unaambiwa leo ni siku ya chokoleti duniani. Kesho kutwa ni siku ya kitu kingine cha kuliwa. Na katikati ya vyakula hivyo unaelezwa kwamba leo filamu fulani imetimiza miaka arobaini, au kwamba mwimbaji fulani alizaliwa siku kama ya leo. Wamarekani hasa, kila tarehe ya majira yao ya joto wameipa chakula chake na mtu wake maarufu. Vijana wetu wanazipokea tarehe hizo na kuzisambaza, na sioni ubaya. Lakini najiuliza, na nakuuliza wewe pia: sisi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, tunazo tarehe zetu? Na kama tunazo, siku hiyo tunakula nini, na tunamtaja nani?

Shika swali hilo, tutalirudia. Tunakula nini, na tunamtaja nani?

Kwanza tuelewe siku hizi za vyakula zinatoka wapi, maana hazikuanguka kutoka mbinguni. Nyingine zinatoka kwa wauzaji na serikali zao. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza kwamba Julai nzima ni mwezi wa aiskrimu, na Jumapili ya tatu ya Julai ni siku yake. Aiskrimu ni maziwa, na maziwa yana wafugaji, viwanda na wafanyabiashara wanaotaka yanunuliwe kwa wingi. Ni halali yao. Lakini kwenye siku hiyo hakuna anayekumbukwa. Unanunua, unalamba, unaenda zako.

Nyingine zina asili tofauti kabisa. Mfano ni siku ya donati, ambayo Wamarekani huiadhimisha Ijumaa ya kwanza ya Juni. Ilianzishwa Chicago mwaka 1938, na walioianzisha ni Jeshi la Wokovu, hawa hawa tunaowaona Nairobi wakipiga tarumbeta Jumapili asubuhi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia akina mama na dada wa Jeshi la Wokovu walikwenda Ufaransa, karibu kabisa na mstari wa mapigano, wakawakaangia askari donati. Vifaa vilikuwa haba, na inasimuliwa kwamba walikaangia hata ndani ya kofia za chuma za askari. Miaka ishirini baadaye, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, Jeshi la Wokovu lilihitaji fedha za kuwasaidia maskini. Likaweka siku ya kuwakumbuka wanawake wale, kwa kutumia chakula kile kile walichokaanga.

Umeiona tofauti, msikilizaji? Siku ya aiskrimu inauza aiskrimu. Siku ya donati, angalau ilivyoanza, ilikuwa na watu ndani yake. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka mimi.

Sasa naomba usogee karibu na redio, kwa sababu hapa ndipo Donholm yetu inapoingia.

Wazee wa Nairobi wanajua kwamba barabara tunayoiita Jogoo Road zamani iliitwa Doonholm Road. Mtaa wetu umejengwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mlowezi enzi za ukoloni, na shamba hilo liliitwa Doonholm. Ni jina la Uskoti. Kule Uskoti, kando ya kijiji cha Alloway, kuna Doonholm nyingine, na katika karne ya 18 mtunza bustani wa Doonholm hiyo alikuwa mtu wa hali ya chini aliyeitwa William Burnes. Huyo ndiye baba wa Robert Burns, mshairi mkuu wa Waskoti.

Robert Burns alifariki tarehe 21 Julai 1796, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Miaka mitano ikapita. Ilipofika Julai 1801, marafiki zake tisa walikutana Alloway, katika nyumba ndogo iliyoezekwa kwa nyasi alimozaliwa, wakaketi mezani kumkumbuka. Unajua walikula nini? Walikula kichwa cha kondoo, na walikula hagisi. Hagisi ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vyote vimekatwakatwa, vikachanganywa na oti, kitunguu, mafuta na viungo, vikajazwa ndani ya tumbo la kondoo na kuchemshwa. Burns mwenyewe aliwahi kukitungia chakula hicho shairi la kukisifu. Ni chakula cha watu wasioweza kutupa sehemu yoyote ya mnyama.

Karamu ile ya watu tisa ndiyo mwanzo wa karamu ambayo leo Waskoti huifanya dunia nzima. Baadaye waliihamisha kutoka siku ya kifo chake hadi siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 25 Januari, lakini ya kwanza kabisa ilikuwa ya Julai. Haikutangazwa na rais. Hakuna kampuni iliyotoa bango. Marafiki tisa, kichwa cha kondoo, matumbo yaliyojazwa nyama, na jina la mtu wao. Zaidi ya miaka mia mbili imepita na jina bado linatajwa.

Basi sasa nikuulize, wewe unayeshuka stegi ya Donholm jioni. Matumbo yaliyojazwa nyama, na supu ya kichwa. Chakula hicho hujakiona?

Kinauzwa pale pale! Kuanzia saa kumi na moja jioni moshi unapanda kandokando ya barabara, kuanzia Jacaranda hadi Savannah, na kila moshi una watu wake. Sisi twaiita mutura. Mutura ni kazi, na ningependa wanaoila wajue ni kazi. Matumbo huoshwa, yakageuzwa, yakaoshwa tena. Nyama hukatwa vipande vidogo, ikatiwa damu, kitunguu cha majani, dhania na pilipili, ikashindiliwa ndani, miisho ikafungwa. Huchemshwa kwanza, kisha hulazwa juu ya makaa ichomeke polepole, na mchomaji anayeharakisha ataipasua. Mteja anafika, anasema, "Nikatie ya hamsini." Kisu kinashuka kwenye ubao, chumvi iko pembeni, kachumbari iko pembeni, na kikombe cha supu ya kichwa na miguu kinatoa mvuke. Pale utamkuta kondakta, mwalimu, fundi wa simu na mfanyakazi wa benki aliyelegeza tai, wote wamesimama duara moja, na hakuna anayeuliza mwenzake anatoka wapi.

Kwa Wagikuyu mutura ilikuwa chakula cha siku kubwa, siku mbuzi anapochinjwa kwa sherehe na wazee wakaketi pamoja. Mjini imekuwa chakula cha kila jioni, na makabila yote yameingia kwenye duara. Hilo ni jambo jema sana. Kinachonisikitisha ni kimoja: tunaila bila jina la mtu yeyote. Waskoti wa Doonholm yao walichukua nyama kama hii wakamkumbukia mtu wao. Sisi wa Donholm yetu tuna nyama, tuna moshi, tuna duara la watu. Jina tumelisahau wapi?

Na majina tunayo. Ninayo mawili kwa mwezi huu peke yake.

Tuanze na tarehe 7 Julai. Najua ukisikia Saba Saba moyo unashtuka. Ni haki ushtuke. Tarehe 7 Julai 1990 watu waliitwa Kamukunji, hapa hapa Eastlands, kudai mfumo wa vyama vingi. Waliowaita, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wameshakamatwa siku tatu kabla. Polisi waliwatawanya watu, na kuna Wakenya waliopoteza maisha. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, katiba ilibadilishwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Na mwaka 2025, tarehe hiyo hiyo, barabara za kuingia mjini zilizibwa, na tena kukawa na familia zilizolia. Kwa hiyo simwambii mtu aifanye Saba Saba siku ya kuchezea. Wanaotajwa kwanza siku hiyo ni waliokufa.

Lakini huku kwetu, je, msiba hauna chakula? Mtu akifariki katika mtaa, jioni majirani wanakusanyika. Sufuria kubwa la chai linawekwa mekoni, mkate unakatwa, githeri inachemshwa, na watu wanakula wakimtaja marehemu hadi usiku. Kula na kukumbuka hatujawahi kuvitenganisha. Ndiyo maana siogopi kuitia tarehe hii chakula, mradi tujue tunakila kwa ajili ya nani.

Sasa sikiliza tarehe hii imebeba nini kingine. Mwaka 2021 UNESCO ilichagua 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Ni tarehe ambayo TANU ilizaliwa kule Tanganyika mwaka 1954, chama kilichokifanya Kiswahili sauti ya kupigania uhuru. Na tarehe hiyo hiyo, 7 Julai 2019, alifariki Joe Kadenge.

Vijana, nawaomba msiondoke hapa. Kadenge alizaliwa mwaka 1935. Alikuwa mshambuliaji wa Maragoli United, kisha wa Abaluhya, klabu ambayo leo mnaiita AFC Leopards, na aliichezea timu ya taifa enzi za ukoloni na baada ya uhuru. Mwaka 2002 alikuwa kocha wa timu hiyo ya taifa, Harambee Stars. Ukipanda matatu hapa Donholm ukaelekea mjini, ukapita Makadara, ukapita Maringo, ukafika Kaloleni, mkono mmoja utaona uwanja. Uwanja huo umepitia majina mengi, na mojawapo, wakati barabara ilipokuwa Doonholm Road, lilikuwa jina la barabara hiyo. Wengi wetu tunauita City Stadium. Baada ya Kadenge kufariki, jiji liliupa jina lake.

Wangapi kati yetu wanapita pale asubuhi na jioni bila kulitamka jina hilo?

Tena kuna jambo ambalo mimi, kama mtu wa redio, nalithamini kuliko yote. Wakenya wengi walioimba jina la Kadenge hawakuwahi kumwona akicheza. Walikuwa Kakamega, Voi, Nyeri, Kitale, wamezunguka redio moja ya kijiji yenye betri zilizoanikwa juani zipate nguvu kidogo. Mtangazaji akasema kwa Kiswahili, "Kadenge na mpira," na boma zima likaruka. Maneno hayo matatu yakawa msemo wa nchi, watoto wakayasema wakipiga mpira wa makaratasi. Leonard Mambo Mbotela, aliyeanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kututoka Februari 2025, ni mmoja wa watangazaji waliotufundisha kuona mpira kwa masikio. Kwa hiyo, Kadenge na Kiswahili kukutana tarehe moja nakuona ni jambo la haki. Lugha hii ndiyo iliyombeba kutoka uwanja wa Jogoo Road hadi kila kijiji.

Siku ya Kiswahili tumeizoea kama siku ya hotuba. Kumbi zinapambwa, wageni mashuhuri wanaketi mbele, mashairi yanaghaniwa, na ni vyema. Lakini muuza supu wa Jacaranda hana habari. Mimi nasema siku ya lugha inayosemwa barabarani inapaswa kufika barabarani.

Na simu yako, tarehe hiyo hiyo ya 7 Julai, itakwambia ni siku ya chokoleti. Kula chokoleti ukiipenda. Kakao yenyewe jirani zetu wanailima, Waganda wa Bundibugyo na Watanzania wa Kyela. Ila ukimaliza, uwe pia na la kumwambia mtoto kuhusu siku hiyo ambalo halikutoka kwenye tangazo la biashara.

Jina la pili liko siku tano mbele. Tarehe 12 Julai 2015 alifariki Benson Wanjau. Ukisema Benson Wanjau, wengi watanyamaza. Ukisema Mzee Ojwang, mtaa mzima utatabasamu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alituchekesha katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, kwanza kituo cha taifa kikiitwa Sauti ya Kenya, halafu KBC. Alikuwa Mgikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo, na aliigiza kwa mapenzi kiasi kwamba Wajaluo wenyewe walimchukua kuwa wao. Fikiria nchi hii imegawanyika mara ngapi kwa ukabila, kisha fikiria mtu huyu anaingia sebuleni kwako kila wiki kwa Kiswahili chenye lafudhi ya jirani, na wewe unacheka bila chuki. Enzi hizo televisheni ilikuwa moja katika ploti. Watoto wa nyumba zote walijazana sakafuni kwa mwenye nayo, na mama mwenye nyumba akagawa chapati moja vipande vinne ili kila mmoja apate.

Basi kwa Mzee Ojwang chakula tayari kipo: chapati iliyogawanywa, na maharagwe. Chapo madondo, kama wanavyosema vijana. Sidhani kama kuna chakula kinachomfaa zaidi.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? Sipendekezi serikali itangaze sikukuu. Sitaki kamati, sitaki fulana zenye nembo, na nitahuzunika nikiona kampuni ya soda imetundika bango juu ya jina la Kadenge. Ninapendekeza kile walichofanya watu tisa wa Alloway. Tarehe 7 Julai, jioni, ukisimama kwenye duara la mutura, kabla kisu hakijashuka, sema, "Leo ni siku ya Kadenge." Asiyemjua atauliza. Mzee aliye karibu atajibu. Na ukiwa na mzee nyumbani aliyeketi kwenye ngazi za uwanja ule miaka ya sitini, mnunulie kikombe cha supu, umkalishe, umwache azungumze. Usimkatize. Wazee hao wanapungua, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tarehe 12, kina mama na kina baba mnaopika chapati, mzigawanye vipande vinne, muwaite watoto wa mlango wa pili, muwaeleze Mzee Ojwang alikuwa nani. Vipindi vyake vya zamani vinapatikana kwenye simu. Muwaonyeshe kimoja.

Nasi wa redio tuna deni letu. Tunacheza nyimbo za kuadhimisha wasanii wa nje tarehe zao zikifika, tunasoma historia yao yote hewani, na siku ya Kadenge tunasahau. Kwa upande wangu nitaanza mwaka huu. Wiki ijayo, saa hizi hizi, nafasi hii nitaiacha kwa wasikilizaji. Kama ulimwona Kadenge kwa macho yako, au baba yako alimwona akakusimulia, njoo utusimulie. Njoo pia wewe unayechoma mutura stegi ya Donholm, utueleze ulijifunza kwa nani, maana majina ya wapishi wetu nayo hatujayaandika popote.

Na kama unajua tarehe nyingine ya Eastlands ambayo sikuitaja, ya mwanamuziki wa Kaloleni, ya bondia, ya mwigizaji, ya mama aliyelisha shule nzima, ilete. Lete tarehe, lete jina, na useme siku hiyo tule nini.

Haya, wapenzi, maji yachemke na sweta zivaliwe. Usiku mwema, hadi wiki ijayo.